Gari la kuba: shajara ya Spitfire ya 1976

Februari 17

Limeingia gereji leo: Triumph Spitfire 1500 la mwaka 1976, la manjano kwa asili, sasa nusu yake ni kutu. Sakafu imeliwa mpaka nikikaa kiti cha dereva naiona saruji kati ya miguu. Mzee aliyeniuzia anaishi hapa hapa Wichita, Kansas. Alikuwa ameliweka bandani akingoja siku ya kulitengeneza, hadi magoti yakamkatalia. Tulipokuwa tukilivuta kwa winchi kulipandisha kwenye trela, alipangusa vumbi la boneti kwa kiganja, akaniuliza nitalifanyia nini. Sikumficha. Nikamwambia bodi naivua yote, naunda nyingine ya fibaglasi isiyo na milango, na juu yake nalivika kuba la akriliki, plastiki angavu kama kioo, linalofunguka kuelekea nyuma. Mtu anaingilia juu. Akakaa kimya, kisha akasema ujanani mwake aliona gari la namna hiyo kwenye maonyesho mjini humu, na mpaka leo hajalisahau.

Ni jambo linalowezekana kabisa. Darryl Starbird, bingwa wa magari ya kuba, alikuwa na karakana yake Wichita. Mwaka 1960 alitoa Predicta: alichukua Ford Thunderbird ya 1956, akaing'oa paa, akaivika kuba, na mahali pa usukani akaweka fimbo katikati ya viti. Kule California, Ed Roth naye akaunda Beatnik Bandit, kuba juu na fimbo ndani. Gari hilo liko Reno, Nevada, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Magari. Mwaka 1968 likawa miongoni mwa vigari vya kwanza vya kuchezea vya Hot Wheels, na mimi nililijua kupitia kigari hicho. Nilikuwa mtoto Majengo, Mombasa. Mjomba alikipata kwa baharia mmoja bandarini Kilindini, kimechunika rangi, gurudumu moja limepinda, lakini lile kuba dogo lilikuwa zima. Nilikuwa nikilishika juani nikitazama mwanga unavyojikusanya upande mmoja.

Magari yale mengi yaliundwa yasimame jukwaani, watu wayazunguke. Mimi nataka la kuendesha.

Februari 25

Wengine wameniuliza mbona Spitfire na si MGB, ambayo vipuri vyake navyo havikosekani. Sababu ni chesi. Kwenye MGB bodi na chesi ni kitu kimoja, ukikata bodi umekata gari. Spitfire ina uti wa mgongo wa chuma: mihimili miwili inapita katikati kutoka mbele hadi nyuma, injini na ekseli zimefungwa hapo, na bodi imekalia juu kwa bolti. Unaivua kama kanzu.

Tumeivua leo, watu wanne, dakika arobaini, saa tatu nzima zikiwa zimekwenda jana kwenye bolti zilizoshikana kwa kutu.

Lakini kuna jambo ambalo lazima mtu alijue kabla hajaivua. Kwenye Spitfire vizingiti vya chini ya milango vinabeba mzigo. Na zile fito mbili zinazozuia magurudumu ya nyuma yasisogee mbele na nyuma hazikufungwa kwenye chesi, zimefungwa kwenye bodi. Ukiitupa bodi ukaweka ganda la fibaglasi, fito hazina pa kushika, na ukikanyaga breki kwa nguvu gurudumu la nyuma linataka kwenda zake. Nimeona picha za magari ya watu waliosahau hilo. Kwa hiyo kabla ya urembo wowote, naunda kiunzi cha mabomba ya mraba ya milimita 38 kitakachochukua kazi ya vile vizingiti, na nitakichomelea masikio ya kushikia fito.

Injini nimeiangalia pia. Ile 1493 cc ina ugonjwa unaojulikana: vipande viwili vyembamba vyenye umbo la nusu mwezi, vinavyozuia krankshafti, mhimili mkuu wa injini, isicheze mbele na nyuma, huisha vikaanguka ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kupima ni rahisi. Mtu mmoja akanyage klachi, mwingine atazame puli ya mbele. Binti yangu alikanyaga, nami nikaiona puli ikisogea karibu milimita nzima. Ni nyingi mno. Injini inateremshwa.

Machi 16

Kiunzi kimekamilika. Nimechomelea, nimepima pembe kwa pembe mara tatu, tofauti ni milimita 2. Injini imepata vipande vipya na beringi mpya, krankshafti imepona, haikuwa imekwaruzwa. Sina zaidi ya kusema juu ya injini, ni kazi ya kawaida.

Aprili 6

Sasa kuba. Neno hili ndilo ninalotaka wenzangu walisikie kuliko yote ya shajara hii: anza na kuba. Wengi huunda bodi kwanza, inapendeza, halafu ndipo wanatafuta kuba la kuitosha. Akriliki haikubali kushurutishwa. Ukiipuliza inachukua umbo inalolitaka yenyewe, na bodi ndiyo itakayoifuata. Fibaglasi unaweza kuikata, kuiongeza, kuisugua. Kuba ukilikosea unalitupa.

Mimi kazi yangu ya mchana ni madirisha ya ndege. Mji huu umelelewa na viwanda vya ndege, na mikono mingi hapa inaijua akriliki kuliko unga. Hata jina la gari hili limetoka kwenye ndege ya kivita ya Waingereza, ambayo matoleo yake ya mwisho yalikuwa na kuba angavu juu ya rubani. Kwa hiyo hesabu nimezifanya kwa utulivu.

Duara la chini ni sentimita 120, kimo ni 45. Kuba linalopulizwa bila kalibu linakaribia sana kipande cha tufe, na tufe hilo lina nusukipenyo cha sentimita 62.5. Hapo ndipo watu hudanganyika kuhusu nafasi ya kichwa. Uti wa mgongo wa chesi unapita katikati, kwa hiyo dereva hawezi kukaa katikati, anakaa kama sentimita 30 pembeni. Na ukitoka sentimita 30 katikati, kimo cha kuba si 45 tena, ni 37. Kichwa nacho kina upana, kinaegemea, kinarushwa na mashimo ya barabara. Nimeviteremsha viti sentimita 9, vinakaribia kugusa sakafu.

Unene: eneo la kuba la vipimo hivi ni mara 1.56 ya bamba bapa lilikotoka. Bamba la milimita 6 lingebaki na wastani wa chini ya 4, na kileleni pungufu zaidi. Nimechukua la 9.5, akriliki ya kumiminwa, siyo ile ya kukamuliwa mashineni, kwa sababu ya kumiminwa inavutika sawasawa. Watu wa nyumbani tunaiita pespeksi, yote kwa jina moja, lakini tanurini zinatofautiana.

Aprili 14

Tanuri liko tayari. Ni boksi lisilo na sakafu, sentimita 170 kwa 170, kimo 50, bati nje na ndani, pamba ya mawe katikati, vyuma vinne vya umeme vilivyotoka kwenye majiko ya zamani, na feni ya kuzungusha hewa. Limening'inia darini kwa mnyororo. Bamba linalala mezani juu ya pete ya mbao, limebanwa na vibano 40 kuizunguka pete. Tanuri linashushwa juu yake, linaoka, kisha linainuliwa kama bibi anavyoinua kawa, na kuba linapulizwa hapo hapo mezani.

Vibano 40 si vingi. Shinikizo linalohitajika ni dogo, karibu sehemu moja ya kumi ya shinikizo la anga. Lakini lizidishe kwa eneo la duara zima, utakuta bamba linasukumwa juu kwa uzito wa zaidi ya kilo 1,100. Gari zima la Spitfire lilipotoka kiwandani lilikuwa na kilo 800 hivi.

Aprili 20

Bamba la kwanza limekufa. Nililioka kwa digrii 165, nikainua tanuri, na kabla sijafungua hewa nikaona ndani yake vitone vidogo, maelfu, kama soda iliyotikiswa. Unyevu. Akriliki hunywa unyevu wa hewa polepole, na bamba hili lilikaa gerejini tangu Februari bila karatasi yake. Likipata joto kali, ule unyevu unageuka mvuke ndani ya plastiki na hauna pa kutokea.

Kazini tunakausha kila bamba kabla ya kulioka. Naijua sheria hiyo kama jina langu. Nyumbani niliharakisha kwa sababu ilikuwa Jumamosi na watu wawili walikuwa wamekuja kunisaidia.

Mei 4

Bamba la pili. Safari hii saa 24 kwa digrii 80, kisha ndipo moto mkubwa. Lilitoka tanurini bila kitone kimoja, likapanda vizuri, likafika kimo. Nilikuwa nimefurahi mpaka lilipopoa nikalitazama taa ya barabarani kupitia kileleni. Taa ilipinda, ikawa mbili, ikarudi moja. Palikuwa na duara la ukubwa wa kisosi ambamo kila kitu kilicheza.

Nimekaa nalo jioni nzima kulitafutia sababu. Tundu la hewa liko katikati ya meza, likitazama juu. Hewa ya kompresa ni baridi, na ilipofunguliwa ilipiga sehemu ile moja kabla ya kusambaa. Pale palipoa mapema, pakagoma kuvutika, pembezoni pakaendelea. Dawa yake ni sahani ya bati iliyowekwa juu ya tundu, imeinuliwa kidogo kwa nguzo tatu, hewa igonge bati kwanza na kutawanyika pande zote. Kitu cha dakika kumi.

Kuba hili silitupi. Litatumika kama kielelezo wakati wa kuunda bodi, lile zuri lisiwe linakwaruzwa.

Mei 11

Limekuja.

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, maana dakika mbili hizi ndizo kiini cha mradi mzima. Bamba lilikaushwa tangu juzi. Saa kumi alfajiri nikawasha moto mkubwa, gereji ikiwa kimya, hakuna upepo, mlango umefungwa. Karibu nusu saa. Nilijua limeiva kwa kuligusa ukingoni na kijiti cha mbao: lililegea kama ngozi ya maziwa. Mke wangu alishika mnyororo, binti alisimama kwenye swichi ya umeme, mimi kwenye vali ya hewa. Upande mmoja wa meza nilikuwa nimeweka mwanga wa leza unaopita kwa kimo cha sentimita 45 hadi ukutani.

Tanuri likainuliwa. Nikafungua vali robo mzunguko. Mwanzoni hakuna kitu, bamba limelala tu, kisha katikati pakatuna, polepole, kama unga wa mandazi. Halafu likachukua kasi. Hapo ndipo mkono unataka kufungua zaidi na hapo ndipo lazima ufunge kidogo, kwa sababu linavyozidi kuwa jembamba ndivyo linavyokuwa rahisi kusukumika. Hakuna sauti. Niliona dari ya gereji ikijichora ndani yake, taa zote nne, zikipanda nalo. Ile nukta nyekundu ikawaka kileleni. Nikafunga. Lakini ukifunga kabisa linaanza kushuka, maana hewa ya ndani inapoa na kunywea, kwa hiyo nilikaa na vali dakika ishirini nikiilisha tone kwa tone, macho kwenye nukta, hadi akriliki ikawa ngumu.

Nimelitazama kwa taa ya barabarani. Taa ni moja, imenyooka.

Mei 19

Kukata ukingo na kutoboa matundu. Keekee ya chuma ya kawaida hung'ata akriliki na kuipasua upande wa pili, kwa hiyo nimezisaga ncha zake zisiwe na makali ya kuchimba, zikwangue tu. Matundu ni milimita 11, bolti ni 5. Aliyeona alidhani nimekosea kipimo. Akriliki hutanuka sana kwa joto: upana wa sentimita 120, kutoka baridi ya Januari hapa Kansas, digrii 15 chini ya sifuri, hadi jua la Julai, unabadilika karibu milimita 5. Ukiibana isicheze, itajitafutia nafasi kwa ufa.

Baada ya kukata nimelirudisha tanurini, digrii 80, saa kadhaa, kisha nikaliacha lipoe usiku kucha. Kukata kunaacha mkazo ndani ambao macho hayauoni. Kazini niliwahi kuona dirisha lililokatwa likafutwa kwa spiriti kabla ya kupumzishwa tanurini. Ndani ya dakika chache likajaa nyufa kama nywele, ukingo mzima. Tangu hapo nalisafisha kwa maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba, basi.

Uzito bila pete yake: kilo 14.

Juni 22

Bodi. Nimejenga umbo kwa mapande ya sponji ngumu ya poliyurethani yaliyogandishwa kwenye kiunzi, nikayachonga kwa msumeno na msasa. Ile nyeupe nyepesi ya kufungia televisheni haifai, resini ya poliesta inaiyeyusha kama sukari chaini. Pua nimeishusha, matako nimeyaacha marefu, ubavuni hakuna kitu, ni mstari mmoja unaoanza kwenye taa na kuishia nyuma. Pete ya kuba imekaa juu ya umbo na bodi nimeichonga kuifuata.

Tatizo likawa joto la hapa. Mchana digrii 34, na resini ilikuwa ikiganda koponi kabla sijafika nusu ya kazi. Kopo la pili lilitoa moshi. Nikampigia mjomba, ambaye miaka yake yote Likoni ameziba na kuunda boti za fibaglasi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Gari lishakuwa na nyama au bado mifupa?"

"Ndiyo nataka kulivika nyama, lakini resini yanigandia koponi."

"Wachanganya kwenye kopo gani?"

"La rangi. La lita moja."

"Hapo hapo ndipo. Dawa ikikaa kwa kina yajipika yenyewe. Changanya kwenye sinia, itandaze. Hadina, ile ya kugandisha, weka asilimia moja, usipite. Na mchana wafanya nini gerejini? Sisi huku twaanza baada ya swala ya alfajiri, saa nne tushaosha brashi."

Basi ratiba ikawa yake. Saa kumi na moja naanza, saa nne nafunga. Sinia la kuokea mikate, resini nusu lita kwa mara moja, matabaka manne ya matandiko ya fibaglasi ya gramu 450 kwa mita ya mraba, na rola ya chuma kufukuza hewa. Hakuna kopo lililoungua tena.

Julai 13

Ganda limeondoka kwenye umbo. Sponji yote imechimbwa kutoka ndani na upande wa ndani nao umepata matabaka mawili. Kwenye mdomo wa kuba nilitandika utepe na nta juu ya pete, nikalaza fibaglasi moja kwa moja juu yake, kwa hiyo mdomo wa bodi umezaliwa na umbo la kuba lenyewe. Nafasi kati yao ni milimita 4 kuzunguka kote. Hii ndiyo faida ya kuanza na kuba.

Nyuma ya viti kuna upinde wa bomba la chuma, umechomelewa kwenye kiunzi, unapita chini ya kuba kwa sentimita 5. Unaharibu kidogo utupu wa ndani na nimeukubali. Akriliki haitambeba mtu gari likipinduka.

Usukani nimeuacha. Fimbo za Starbird na Roth nazihusudu kama kazi ya mkono, lakini Spitfire hugeuka ndani ya duara la mita 7.3 hivi, na raha hiyo naitaka kwa mikono miwili.

Agosti 3

Jambo la leo naliandika mikono ikiwa bado haijatulia vizuri.

Kuba linafunguliwa na mota mbili za kusukuma, volti 12, kupitia swichi kwenye dashibodi. Bawaba ziko nyuma. Saa saba mchana nililisukuma gari nje, nikaweka kipimajoto mbele yangu, nikalifunga kuba nipime joto linavyopanda. Nje palikuwa na digrii 36. Dakika kumi: 47. Dakika ishirini: 53. Nikaandika, nikabonyeza swichi. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, nikasikia rilei, swichi ndogo ya umeme inayozipa mota moto, ikilia tik, mota kimya.

Simu ilikuwa mezani, naiona kupitia kuba, hatua sita. Mke alikuwa kazini, binti kwa rafiki yake. Nilisukuma kuba kwa mabega, lakini mota za aina ile zikisimama zimejifunga, hazirudi nyuma. Nilipiga kelele na sauti yangu ilinirudia mwenyewe. Jasho liliingia machoni. Kilichoniokoa ni spana namba 13 niliyoisahau asubuhi chini ya kiti. Bolti ya chini ya kila mota ilifikika kwa mkono mmoja nikijipinda. Ya kulia ilitoka upesi. Ya kushoto ilikuwa na nati ya kujikaza yenyewe, ile yenye plastiki ndani, na nilihesabu kila robo mzunguko hadi ikaachia. Kipimajoto kilisoma 58.

Nilikaa kivulini saa nzima na maji. Kisha nikaanza kuchora.

Agosti 11

Gari lisiloweza kufunguliwa kwa mkono, kutoka ndani na kutoka nje, bila umeme, halina haki ya kufungwa. Hii ndiyo kazi ya wiki yote.

Bolti zote mbili za chini zimeondolewa, mahali pake pana pini za chuma cha pua zilizounganishwa kwa waya mmoja. Waya una mshiko mwekundu katikati ya viti na mwingine nyuma, chini ya kifuniko cha mafuta, wenye maandishi yanayosomeka kwa mbali. Ukivuta, mota zinaachia, na shokapu mbili za gesi zinaliinua kuba zenyewe. Kuba na pete yake ni kilo 23, na shokapu nimezichagua zilizidi uzito huo kidogo. Nimejaribu mara thelathini, macho wazi na macho yamefumbwa. Binti amejaribu. Mzee aliyeniuzia gari amejaribu, na alivuta mara mbili kwa kupenda tu.

Rilei iliyokufa nimeifungua. Kidole chake cha shaba kilikuwa kimeungua kwa sababu niliiwekea mota mbili na uwezo wake ulikuwa wa moja.

Agosti 24

Joto lenyewe. Matundu mawili yanaingiza hewa kutoka puani, feni mbili nyuma ya viti zinaitoa, na kuba lina kituo cha katikati: linainuka sentimita 4 kwa mbele na kujifunga hapo gari likiwa linatembea. Nimepima tena, jua lile lile, gari limesimama: 44 baada ya nusu saa, na feni zikizunguka. Bado ni moto. Mtu asidanganywe na picha, kuba ni banda la kioo la kuoteshea nyanya, na hakuna feni itakayolifanya liwe kivuli. Asubuhi na jioni linapendeza. Saa saba mchana wa Agosti nitatembea na gari jingine.

Septemba 14

Limetembea. Kilomita 11 kwenye barabara za shamba kaskazini ya mji, kwa mwendo mdogo, mzee akinifuata na pikapu yake. Giaboksi inaimba kwenye gia ya pili, breki zinavuta sawa, fito za nyuma zimetulia kwenye masikio yake mapya.

Sikutarajia sauti. Kuba hukusanya sauti na kuirudisha karibu na kichwa, na nilipokohoa nilisikia kikohozi changu kikitoka juu yangu, kama mtu anayesoma chini ya kuba la msikiti. Injini nayo inakusanyika hapo hapo. Nimeweka zulia zito sakafuni na kwenye ukuta wa injini, imepungua.

Na usiku, taa za geji. Nilikwenda tena saa mbili usiku nikaona geji ya mwendo inaelea juu ya barabara, kijani, kubwa, mbele ya macho. Mviringo wa kuba unaokota kila mwanga wa dashibodi. Nimetengeneza kikinga cha bati juu ya geji, nikakivika mahameli nyeusi, na taa zake nikazibadilisha ziwe nyekundu hafifu. Sasa nauona mstari wa barabara na nyota juu yake. Kwenye barabara ile isiyo na taa nilizima injini pembezoni nikakaa nikizitazama.

Oktoba 5

Nilimtumia mjomba video ya gari likitembea. Aliitazama, akanipigia.

"Mashallah. Kazi safi. Na mvua je?"

"Mvua haijanyesha tangu nilimalize, mjomba."

"Boti haingoji mvua. Mwagia maji."

Nikachukua mpira wa bustani, binti akaingia ndani na tochi na chaki, mshiko mwekundu mkononi mwake. Nilimwagia dakika tano kila upande. Mbele kavu. Kulia kavu. Nyuma kushoto, karibu na bawaba, alichora alama mbili: maji yalikuwa yakiingia tone moja kila sekunde chache, yakifuata bolti. Raba ya mdomo ilikuwa imejikunja pale kwa sababu niliiungia kwenye kona.

Nimeing'oa yote, nimeweka kipande kimoja kisicho na kona, kiungo kiko mbele kwenye ulalo. Tumemwagia tena dakika tano kila upande. Binti ametoka na chaki yake nzima.

Wiki ijayo rangi: fedha chini, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, matabaka sita.